Mapendo peke yake hayatoshi: mwenye kusaidia anapashwa kujifunza mbele ya musiba

Siku ya ine, tarehe 4 Mei 2023, ilikuwa siku ya soko pale Nyamukubi, teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Watu walikuwa wametoka mbali na vyakula vyao. Mvua ikanyesha, mito ikajaa, mawe na udongo vikashuka toka milimani mupaka ziwani. Nyamukubi na Bushushu, vijiji viwili tu, watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi sana hawakuonekana tena. Tarehe 8 Mei inchi yote ilifanya siku ya kilio.

Sisi wa sendika ya wafanyakazi wa mugodi, huku Lualaba, tuliangalia zile picha kwenye telefone na kila mumoja wetu aliona kitu kimoja: mikono. Watu wanachimba na mikono mitupu, na majembe ya shamba, miguuni sapato, na kilima kingali kimesimama juu ya vichwa vyao. Hatukukaa Kalehe. Lakini kilima kilichoshiba maji tunakijua. Kinaweza kunyamaza siku mbili, kisha kinashuka mara ya pili, na mara hiyo kinakuta chini wale waliokuja kusaidia.

Njo maana tulianza kufundisha wenye kujitolea katikati ya wafanyakazi na majirani wa mugodi. Tunaandika habari hii kwa sababu watu wanatuuliza kila mara: kujitolea kunafundishwa namna gani? Si ni mapendo tu? Na wengine wanasema, haya ni mambo ya Kivu, siye hatuna volkano. Ndugu musomaji, tarehe 5 Desemba 2005 udongo ulitetemeka chini ya ziwa Tanganyika kwa nguvu ya 6,8 na nyumba zikaanguka Kalemie. Na mvua ya Januari haiulizi mutu kama anakaa Kivu ao Katanga.

Watu wa kwanza kufika pa musiba hawana kofia ya serikali wala gari la shirika. Ni majirani. Iko vile kwenye mugodi pia. Pale Kamituga, Kivu ya Kusini, tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliangusha shimo la zahabu lenye watu wanaita Detroit, na wachimbaji makumi wakabaki chini. Waliotangulia kuchimba walikuwa wenzao wa shimo la pembeni. Musaada wa mbali ukifika kisha siku mbili, unakuta walio hai wamekwisha kutolewa na jirani, ao wamekwisha kufa. Kwa hiyo ukitaka kuokoa watu wengi, fundisha jirani.

Somo letu la kwanza vijana hawalipendi. Tunawafundisha kusimama.

Kijana mumoja wa kutoboa miamba, mwenye nguvu kushinda sisi wote, alituuliza wazi: « Yaya, mutu analia chini ya bulongo, na miye nasimama naandika jina? » Ndiyo, unasimama. Dakika tano. Unaangalia juu: kuna ufa mupya kwenye kilima? Miti imeinama? Muto uliokuwa unanguruma umepungua gafula? Kama maji yamepungua wakati mvua ingali inanyesha, maana yake udongo umeyafunga huko juu, na ile siku yatapasuka yatashuka yote mara moja. Unaweka mutu mumoja pembeni, kazi yake ni kuangalia kilima tu, na filimbi mudomoni. Yeye hachimbi, hata akiona ndugu yake chini. Akipiga filimbi wote wanakimbia kwa njia mulioonyeshana mbele, na wanakimbilia pembeni, hawakimbii kufwata njia ya maji.

Kwa mutu wa mugodi hii haipashwi kuwa mupya. Chini, kwenye galeri, hakuna mutu anaingia kutafuta mwenzake mbele ya kupima hewa. Tulizika wengi waliosahau. Mumoja anaanguka, wa pili anashuka kumutoa, wa tatu anashuka kutoa wa pili. Watu wa Goma na Sake wanajua kitu hicho kwa jina la mazuku. Ni hewa nzito inayotoka katika udongo wa volkano, inashuka na kulala kwenye mabonde na mashimo. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi anaingia kula majani, anakufa. Mutoto anamufwata mbuzi, anakufa. Mama anamufwata mutoto. Tunapoeleza mazuku kwa wachimbaji wetu, hawaulizi maswali mengi.

Somo la pili ni kaye na kalamu. Kwenye mugodi wa chini kila mutu anayeshuka anaacha jeto yake kwenye ubao, na zamu ikimalizika, jeto iliyobaki ni mutu aliyebaki. Tunafanya vile vile. Kila mwenye kujitolea anaandikwa jina, namba ya telefone ya jamaa yake, saa aliyoingia, fasi anayofanya, saa aliyotoka. Asiyeandikwa hachimbi. Na hapo tulipata mushangao: walioshinda wote katika somo hilo ni bamama wanaouzisha bukari kwenye mulango wa mugodi. Hao wanajua kushika kaye. Wanajua nani alikula, nani hakulipa, nani alisafiri bila kuaga. Mama mumoja alituonyesha namna ya kuandika watu wawili wenye jina moja: unaongeza jina la mama yake na kazi anayofanya. Tangu siku hiyo njo tunaandika vile.

Kisha inakuja kazi yenyewe. Mbele ya kuchimba, kunyamaza: motere zote zinazimwa, watu wote wananyamaza, mumoja anaita na anagonga kwenye chuma ao kwenye bati, kisha munasikiliza. Halafu munahama hatua kidogo, munaita tena. Vijana wanafikiri ni kupoteza wakati, kumbe njo namna ya kujua fasi gani ya kuanzia. Kuchimba kunafanywa kwa zamu fupi. Mutu aliyechoka anaanza kukanyaga ovyo na kuangusha udongo juu ya aliye chini.

Kuna jambo moja tunalolirudilia kila siku ya Yenga, kwa sababu linaua kwa mikono ya wema. Mutu amefinyiwa muguu chini ya jiwe ao ukuta kwa saa nyingi. Yuko hai, anasema, anaomba maji. Watu wanafurahi, wanainua jiwe mara moja, na kisha dakika kidogo anakufa. Watu wanasema ni ulozi. Hapana. Nyama ya muguu iliyofinywa inatengeneza sumu, na jiwe likiondoka ile sumu inakimbia kwenye damu mupaka kwenye moyo na mafigo. Munganga anapashwa kuwa hapo na kumutia maji ya serumu mbele ya kuinua. Kama munganga yuko njiani, unabaki na yule mutu, unamufunika, unasema naye, unaandika saa aliyofinywa. Kubaki tu karibu na mutu ni kazi, na kwa wanaume wetu ni kazi nguvu kupita kubeba jiwe.

Sasa tuseme juu ya wafu. Magazeti hayapendi kusema, lakini kwa wenye kujitolea wa Kalehe hii njo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Maiti zilikuwa nyingi, zingine zilitolewa ziwani, mifuko ya maiti haikutosha, watu wakafungwa katika mablanketi. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja, haraka, na watu wakalalamika. Walikuwa na haki ya kulalamika. Mutu asiyejua bibi yake amelazwa wapi hawezi kumaliza kilio. Na kuna mambo ya dunia pia: mashamba, watoto, mali, yote yanaomba hati ya kifo, na hati inaomba jina.

Haraka hiyo inatoka kwa woga wa ugonjwa. Wanganga wa OMS na watu wa Musalaba Mwekundu wanafundisha kinyume: maiti ya mutu aliyekufa kwa kuzama ao kwa kufunikwa na udongo hailete mulipuko wa ugonjwa. Alikuwa muzima asubuhi, hakuwa na kolera. Kama mutu alikufa kwa kolera ao Ebola, hapo mambo ni mengine kabisa, wewe mwenye kujitolea usiguse, ita wenye mavazi na dawa. Lakini kwa wafu wa mafuriko kuna wakati wa kufanya kazi kwa heshima. Tunafundisha hivi: maiti moja, namba moja. Namba inafungwa kwenye mwili, si kwenye blanketi. Picha ya uso ikiwa imesafishwa, picha ya nguo, picha ya kovu ao chale. Unaandika fasi ilipookotwa na saa. Vitu vya mufukoni vinabaki na mwili uleule katika mufuko wenye namba ileile. Na ikilazimika kuzika pamoja, wanalazwa moja pembeni ya mwingine, kwa mustari, na ramani inachorwa, ili siku moja jamaa waweze kuja na kusema, huyu ni wetu. Kwa kazi hiyo hauhitaji mashini. Unahitaji mifuko ya mikono, mabuti, kaye, telefone yenye moto, na moyo uliotayarishwa.

Juu ya huo moyo, tuseme ukweli. Kuna watu wazuri kabisa ambao hawawezi. Katika mafundisho yetu tunalaza kamarade kwenye blanketi, tunamufunga kitambaa usoni, na tunaomba mwingine amufanyie yote hayo. Kuna papa mumoja wa miaka 50, aliyeona ajali nyingi chini, alisimama katikati ya zoezi akatoka inje akalia. Alikuwa anamufikiria mutoto wake aliyekufa. Hatukumufukuza. Leo njo anaamuru upande wa maji, na hakuna anayemushinda.

Maji hayo, tusiyaruke. Udongo unaua siku moja, maji machafu yanaua mwezi muzima. Wazee wa Goma wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika na kolera ikaua makumi ya maelfu katika mayenga machache. Mwaka 2021 lava iliharibu tanki kubwa na mipira ya maji, na watu karibu laki tano wakabaki bila robine. Vipimo viko, mashirika yote yanavijua, na sisi tunavikaririsha kama watoto wa masomo: litre 15 za maji kwa mutu mumoja kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, choo mbali na kisima na upande wa chini yake. Na kwa mwenye kuharisha, maji ya kumurudishia nguvu: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nusu. Chumvi ikipita inamuumiza mutoto. Tunaona hata bamama wanaozani wanajua kipimo wanapitisha chumvi, kwa hiyo tunapima mbele ya macho ya wote.

Goma ilitufundisha pia habari ya watoto. Siku ya posho tarehe 22 Mei 2021, mangaribi, Nyiragongo ilipasuka, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27, serikali ikaamuru sehemu kubwa ya muji ihame. Watu mamia ya maelfu wakatoka kwenda Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda. Toka ule usiku wa kwanza UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 walioachana na jamaa zao. Mutu mwenye mapendo akiona mutoto analia barabarani anamubeba, anamupandisha gari, anamupeleka Bukavu. Amemuokoa? Mama yake anamutafuta pale pale alipomuacha. Tunafundisha: usimuhamishe mutoto isipokuwa hatari iko juu yake, na kama unamuhamisha, acha jina lake na lako kwa mutu anayebaki, kisha mupeleke kwa wenye kazi ya kutafuta jamaa, kama Musalaba Mwekundu.

Na tuongeze la mwaka 2002, kwa sababu vijana hawalijui. Volkano hiyohiyo ilipasuka tarehe 17 Januari 2002, ikapita katikati ya Goma. Siku zilizofwata, watu walikwenda kuchota esanse kwenye stesheni moja iliyozungukwa na lava ya moto, na ikalipuka. Makumi walikufa. Hao, volkano ilikuwa imewaacha hai. Kulinda fasi ya hatari isiingiwe ni kazi ya kujitolea, hata kama watu watakutukana.

Sasa tuje kwenye upande wetu wa sendika, maana watu wanatuona kama wenye kudai tu, na hapa tunadai kweli.

Mwenye kujitolea hana mushahara, sawa. Lakini hajakuwa mali ya bure. Mara ngapi tumeona kijana anavalishwa shati la shirika, anapigwa picha, anatumwa kwenye matope bila mabuti, na akivunjika muguu hakuna mutu anayejibu simu? Masharti yetu tumeyaandika kwenye karatasi moja: mabuti, mifuko ya mikono, kaske, chanjo ya tetanosi mbele ya kuondoka, chakula na maji yake mwenyewe ili asile posho ya walioumia, asiransi ya ajali, zamu isiyopita saa 12, na siku za kupumuzika akirudi, pamoja na mutu wa kusema naye juu ya aliyoyaona. Shirika likikataa hata moja la hayo, hatutumi watu. Wengine wanasema tumekuwa wagumu. Basi, tuwe wagumu.

Kuna sharti lingine linalotuangalia sisi wenyewe. Wakati wa Ebola ya mashariki, kati ya 2018 na 2020, wanaume waliokuja kusaidia waliomba wanawake miili yao ili wawape kazi. Tume huru ilitoa habari tarehe 28 Septemba 2021: watu 83 walishitakiwa, na 21 kati yao walikuwa wamefanya kazi kwa OMS. Mutu mwenye kugawa maji ao unga ana nguvu juu ya mwenye njaa, hata kama yeye ni kijana wa hapa hapa. Kwa hiyo kila anayeingia kikundi chetu anatia sahihi: kuomba mwili, makuta ao zawadi kwa aliyeumia ni kufukuzwa siku hiyo na kupelekwa kwa sheria. Na tunahakikisha bamama wako katika kila kamati ya kugawa, kwa hesabu sawa na wanaume. Wanaume wawili walitoka kikundi kwa sababu ya sharti hilo. Walisema tunawatukana. Tumewaacha waende.

Tena tunavua mashati ya sendika. Hakuna kofia ya chama, hakuna bendera, hakuna wimbo wa uchaguzi. Kwenye inchi yenye vita kama yetu, rangi ya shati inaweza kuua mutu na kufunga njia ya wagonjwa.

Namna gani tunajifunza? Siku ya Yenga kisha misa na ibada, kwenye uwanja wa shule, saa tatu kila mara. Waganga wawili wa kituo cha afya wanakuja kwa mapendo yao. Kamarade wa usalama wa mugodi wanaleta kamba na machela. Vyombo tunaazima. Karibu nusu ya walioandikwa mwanzoni walitoka walipoelewa kwamba hakuna makuta ya njia, na hilo halikutuumiza kichwa. Wanaobaki wanajuana. Mara mbili kwa mwaka tunafanya zoezi la usiku, bila kuwaambia siku, kwa sababu mvua kubwa inapenda usiku. Zoezi la kwanza lilichukua saa mbili na nusu mbele ya watu kukusanyika. La mwisho, dakika 40. Betri za taa bado zinatuhangaisha, nusu zilikuwa zimekufa.

Kubwa linalobaki liko kwenye meza ya wakubwa wa kazi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inatambua kamati ya usalama, usafi na upambaji wa fasi ya kazi, na delege wa sendika anakaa ndani yake. Tunaomba kamati hizo zipewe kazi ya kutayarisha wenye kujitolea, maana mafundisho ni yale yale: hewa, kamba, damu, kuhesabu watu. Sheria hiyohiyo inampa mufanyakazi siku za ndoa, za kuzaliwa kwa mutoto, za kifo cha jamaa ya karibu. Kwa kwenda kuchimbua watu wa wengine, hakuna. Kamarade wetu mumoja aliomba siku tano kwenda kusaidia kijiji cha mama yake kisha mafuriko. Kampuni yake ilikubali kwa mudomo, na mwisho wa mwezi siku tano zikakatwa kwenye mushahara. Aliporudi alikuwa na kikohozi na deni.

Tumeandika ombi: siku tano kwa mwaka, bila kukata, kwa mufanyakazi aliyefundishwa na kuandikwa kwenye orodha inayojulikana, musiba ukitangazwa na serikali ya jimbo. Kampuni mbili zimekubali kusoma ombi. Ya tatu ilituuliza nani atafanya kazi yao siku hizo. Tuliwajibu kwamba wiki shimo lao likijaa maji, watawaita watu haohao wa orodha. Hawajajibu bado. Mafundisho yanayofwata ni siku ya Yenga ya kwanza ya mwezi unaokuja, saa nane kisha muchana, uwanja uleule. Mulete kaye, kalamu na viatu vilivyofungwa. Sapato hapana.